Kutoka Kwenye Faili Hadi Kwenye Skrini: Kurekebisha Hitilafu za Picha katika Qt

Katika Qt, maktaba ya kuundia programu, picha hupita vituo vinne kabla ya kumfikia mtumiaji. Kwanza faili husomwa na kufumbuliwa. Kisha pikseli zake hukaa kwenye kumbukumbu ndani ya QImage. Halafu huchorwa na QPainter, au hupelekwa kwenye kadi ya michoro iwapo programu imeundwa kwa Qt Quick. Mwisho, mfumo endeshi huiweka kwenye skrini kwa kiwango cha ukuzaji alichokichagua mwenye kompyuta. Hitilafu inaweza kuzaliwa katika kituo chochote kati ya hivi, lakini huonekana mahali pamoja tu, yaani kwenye skrini. Ndiyo maana saa nyingi huteketea katika kurekebisha uchoraji ilhali picha iliharibika tangu ilipokuwa ikisomwa.

Qt ilianza kuandikwa mwaka 1991 nchini Norway na Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, na toleo la kwanza likatolewa hadharani mwaka 1995. Leo imo ndani ya VLC, ndani ya QGIS inayotumiwa na wachora ramani, na ndani ya mazingira ya KDE. Ahadi yake ni msimbo mmoja unaofanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na kwa sehemu kubwa ahadi hiyo hutimia. Kwenye picha, hata hivyo, tofauti za mifumo hii hujitokeza waziwazi: kila mmoja una namna yake ya kukuza skrini, njia yake ya kuzungumza na kadi ya michoro, na desturi yake ya majina ya faili.

Kutafuta kituo kabla ya kugusa msimbo

Hatua ya kwanza ni kuihifadhi picha kila inapovuka kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Mara tu baada ya kusomwa, huwekwa mstari mmoja wa image.save("hatua1.png"); kabla tu ya kuchorwa, huwekwa mwingine wenye jina tofauti; na mwisho hupigwa picha ya skrini. Faili hizo tatu hufunguliwa kwa programu nyingine isiyohusika, kisha hulinganishwa. Ikiwa ya kwanza tayari ni mbovu, hakuna sababu ya kuugusa uchoraji. Ikiwa mbili za kwanza ni nzima na ile ya skrini ndiyo mbovu, msimbo wa kusoma faili uachwe kama ulivyo. Kazi hii ni ya dakika chache, nayo hufaa kufanywa hata pale msanidi anapoamini kwamba chanzo tayari anakijua.

Pamoja na faili hizo, yachapishwe mambo manne kuhusu kila QImage: size(), format(), bytesPerLine() na devicePixelRatio(). Karibu kila hitilafu iliyoelezwa katika mwongozo huu hujionyesha katika mojawapo ya majibu hayo, na format() ndiyo muhimu kuliko zote kwa sababu picha iliyohifadhiwa kama PNG hubadilishwa fomati wakati wa kuhifadhiwa. Kasoro ya uwazi inaweza hivyo kujificha ndani ya faili ikaendelea kuonekana kwenye skrini.

Picha isiyoonekana kabisa

Picha inapokosekana, swali la kwanza ni kama ilisomwa. QImage isiyosomeka haivunji programu. Hubaki tupu tu, na isNull() hurudisha kweli. Badala ya kuipakia moja kwa moja, ni bora itumike QImageReader, kwa kuwa errorString() yake hutaja sababu.

Dalili moja hujirudia sana: picha za PNG zinaonekana na za JPEG hazionekani, tena kwenye kompyuta ya mteja tu, si ya msanidi. Sababu ni kwamba PNG imo ndani ya moduli ya QtGui yenyewe, ilhali JPEG, GIF, ICO na SVG husomwa na programu-jalizi zilizo kwenye folda ya imageformats. Kompyuta ya msanidi ina Qt nzima, hivyo programu-jalizi hupatikana. Kifurushi alichopewa mteja hakina folda hiyo. Kwenye Windows folda hukaa kando ya faili ya programu, na kwenye macOS hukaa ndani ya Contents/PlugIns. Zana za windeployqt na macdeployqt huinakili zenyewe. Programu ikiwashwa huku kigezo cha mazingira QT_DEBUG_PLUGINS kikiwa 1, Qt hueleza kila folda iliyopekuliwa na kwa nini kila programu-jalizi ilikubaliwa au ilikataliwa. WebP na TIFF zinahitaji moduli ya ziada iitwayo Qt Image Formats, ambayo husahaulika kwa urahisi.

Sababu ya pili ni herufi kubwa na ndogo. Faili iitwayo Nembo.png hufunguka kwa jina nembo.png kwenye Windows, na kwa kawaida kwenye macOS pia, lakini kwenye Linux hizo ni faili mbili tofauti. Dawa yake ni nidhamu: majina yote yawe kwa herufi ndogo, na picha zinazosafiri na programu ziwekwe kwenye mfumo wa rasilimali wa Qt, ambako njia huanza kwa :/ na jina lisilolingana hushindwa kwenye mifumo yote kwa usawa. Kosa linaloonekana kwa msanidi mwenyewe siku hiyohiyo ni nafuu kuliko linaloonekana kwa mteja baada ya mwezi.

Sababu ya tatu ni ukubwa. Qt 6 ina kikomo cha kumbukumbu inayoweza kutengwa kwa picha moja: megabaiti 128 katika matoleo ya mwanzo, kisha kikapandishwa hadi 256. Ramani iliyoskaniwa kwa pikseli 12,000 kwa 9,000, kila pikseli ikichukua baiti 4, inahitaji baiti milioni 432, kwa hiyo inakataliwa hata kama kompyuta ina kumbukumbu tele. Kikomo hupandishwa kwa QImageReader::setAllocationLimit(). Kukiondoa kabisa kwa kukipa sifuri si busara katika programu inayopokea faili kutoka kwa watu wasiojulikana, kwa sababu kikomo hicho kipo kuzuia faili ndogo yenye vipimo vya uongo isimeze kumbukumbu yote. Pale picha inapotakiwa kuonyeshwa ndogo, setScaledSize() huiomba tangu inaposomwa katika ukubwa unaohitajika, na tatizo mara nyingi huishia hapo.

Picha za simu zinazolala ubavu nazo ni za kituo hiki cha kwanza. Simu haigeuzi pikseli. Huandika tu ndani ya faili namba inayosema picha igeuzwe vipi, kuanzia 1 hadi 8. QImageReader huifuata namba hiyo ikiwa tu imeamriwa kwa setAutoTransform(true), na kipengele cha Image katika QML, lugha ya Qt Quick, kina sifa ya autoTransform ambayo kwa kawaida imezimwa.

Picha iliyopinda, yenye rangi za ajabu au uchafu

Kituo cha pili ndicho chenye hitilafu zinazotisha kwa sura na zinazorekebishika kwa mstari mmoja. Hutokea zaidi pale pikseli zinapotoka nje ya Qt: kwenye kamera, kwenye skana, au kwenye maktaba kama OpenCV.

Ichukuliwe picha ya rangi tatu, baiti moja kwa kila rangi, yenye upana wa pikseli 501. Mstari mmoja wake una baiti 1,503. Kamera huipanga mistari ikiwa imebanana, wa pili ukianzia pale ulipoishia wa kwanza. Lakini QImage isipoambiwa urefu wa mstari huchukulia kwamba kila mstari umejazwa hadi kufikia kigawe cha 4, yaani baiti 1,504. Kwa hiyo mstari wa pili unasomwa kwa kukosea baiti moja, wa tatu baiti mbili, na kuendelea. Baada ya kila mistari mitatu picha imesogea pikseli moja kwenda kushoto, na katika mistari ya kati nyekundu imesomwa mahali pa kijani na kijani mahali pa buluu. Matokeo ni picha iliyolala kimshazari, yenye michirizi ya rangi kama kitambaa kilichofumwa vibaya. Chini kabisa, programu inasoma kumbukumbu isiyo yake na inaweza kuanguka.

Kinachofanya hitilafu hii iishi muda mrefu ni kwamba upana wa 640, 1,280 na 1,920 ukizidishwa kwa 3 hugawanyika kwa 4 bila baki. Majaribio yote hupita. Siku mtumiaji anapokata picha kwa kipanya akapata upana wa 501, picha hupinda. Tiba ni kuutaja urefu wa mstari wazi wakati wa kuunda QImage: QImage(data, upana, kimo, upana * 3, QImage::Format_RGB888). Vilevile, msimbo unaopita kwenye pikseli mstari kwa mstari utumie scanLine() au bytesPerLine(), usizidishe upana kwa idadi ya baiti.

Mjenzi huyohuyo wa QImage (constructor) ana mtego wa pili: hanakili data, anaielekeza tu. Kumbukumbu ya kamera ikishaachiliwa au kuandikiwa fremu nyingine, QImage inabaki ikielekeza mahali ambapo picha yake haipo tena. Kwenye kompyuta moja picha huonekana sawasawa kwa bahati, kwenye nyingine hutokea mabaka. Kuita copy() kabla ya kuikabidhi picha kwa sehemu nyingine ya programu humaliza jambo hilo.

Mabaka yanayofanana na hayo hutokea pia pale QImage mpya inapoundwa kwa kutajiwa ukubwa na fomati tu. Qt haiisafishi kumbukumbu hiyo. Chochote kilichokuwamo kinabaki. Mfumo endeshi mmoja unaweza kutoa kumbukumbu yenye sifuri tupu na mwingine ukatoa iliyokwishatumika, ndipo huzuka ripoti isemayo kwamba programu ni nzima Linux na mbovu Windows, au kinyume chake. fill(Qt::transparent) iandikwe mara baada ya kuunda, bila ubaguzi.

Nyuso za watu zikitokea za buluu, mpangilio wa rangi umegeuzwa. OpenCV huweka buluu kwanza, kisha kijani, kisha nyekundu; Format_RGB888 hutarajia nyekundu kwanza. Tangu Qt 5.14 ipo Format_BGR888 inayopokea mpangilio wa OpenCV kama ulivyo, na kwa matoleo ya zamani rgbSwapped() hufanya kazi hiyo. Ikumbukwe pia kwamba Format_ARGB32 ni namba moja ya biti 32, si baiti nne zilizopangwa kwa jina lake. Kwenye vichakataji vya kawaida vya leo baiti zake kwenye kumbukumbu huanza na buluu. Data inayokuja baiti kwa baiti kwa mpangilio wa nyekundu, kijani, buluu na alfa (kipimo cha uwazi) inastahili Format_RGBA8888.

Kingo nyeusi na kingo nyeupe

Uwazi unastahili kuelezwa peke yake. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff, waliokuwa Lucasfilm, walichapisha kanuni za kuunganisha picha zenye uwazi, na wakapendekeza rangi ihifadhiwe ikiwa imekwisha kuzidishwa kwa alfa yake. Nyekundu iliyo nusu wazi huandikwa 255, 0, 0 na alfa 128 katika fomati ya kawaida, lakini 128, 0, 0 na alfa 128 katika fomati iliyozidishwa. Qt ina zote mbili, Format_ARGB32 na Format_ARGB32_Premultiplied, na hii ya pili ndiyo inayofaa kuchorewa kwa kuwa ni ya haraka zaidi.

Hitilafu huzuka pale data ya aina moja inapobandikwa jina la nyingine, nayo ina alama mbili zinazotofautishika kwa macho. Data iliyokwisha kuzidishwa ikiitwa ya kawaida, Qt huizidisha tena: 128 inakuwa 64, na pembezoni mwa nembo, ambako pikseli ni nusu wazi ili ukingo uwe laini, huonekana mzingo mweusi. Data ya kawaida ikiitwa iliyozidishwa, rangi hujumlishwa bila kupunguzwa, na mzingo unakuwa mng'avu. Hata pikseli zilizo wazi kabisa, ambazo programu nyingi za kuchorea huziacha na rangi nyeupe chini yake, hujitokeza kama boksi jeupe kuizunguka nembo. Kwa hiyo mzingo mweusi unamaanisha kuzidishwa mara mbili, na mweupe unamaanisha kutozidishwa. Tiba si kubadili jina la fomati hadi picha ipendeze. Ni kujua data ilikotoka, kuipa jina lake la kweli inapoingia, kisha kuigeuza kwa convertToFormat().

Picha yenye ukungu

Malalamiko mengi kuliko yote ni ya aikoni zenye ukungu. Hapa kituo ni cha nne, na chanzo ni kwamba pikseli za programu si pikseli za skrini. Mtumiaji akiweka ukuzaji wa 150%, aikoni ambayo msimbo unaiita ya 32 kwa 32 hukalia pikseli 48 kwa 48 za kioo. Ikiwa faili yake ina pikseli 32 tu, Qt hulazimika kuzibuni zilizobaki, na ukungu ndio matokeo ya ubunifu huo.

Historia yake inaeleza kwa nini programu moja huonekana tofauti baada ya kuhamia toleo jipya. Qt 5.6 ya mwaka 2016 ilileta ukuzaji wa pamoja kwa mifumo yote, ukiwa wa kuwashwa kwa hiari. Katika Qt 6, iliyotoka Desemba 2020, ukuzaji umewashwa daima. Tena Qt 5 ilikadiria 150% hadi namba nzima, ilhali Qt 6 huipitisha kama ilivyo. Kwenye macOS, Qt hupokea 1 au 2. Windows huleta 1.25 na 1.5 kila siku. Anayeandikia Mac peke yake hawezi kuliona tatizo la Windows mpaka alitafute.

Kulitafuta ni rahisi. Programu iwashwe na kigezo QT_SCALE_FACTOR kikiwa 1.25, kisha 1.5, kisha 2, kwenye kompyuta yoyote ile. Hakuna haja ya kununua skrini mpya.

Marekebisho yana sehemu tatu. Aikoni za mchoro ziwe SVG ndani ya QIcon, au kila moja iwe na faili ya pili yenye ukubwa maradufu na jina linaloishia kwa @2x, ambayo Qt huichagua yenyewe. Pili, QPixmap (picha iliyoandaliwa kwa ajili ya skrini) inayochorwa ndani ya programu iundwe kwa ukubwa uliozidishwa kwa devicePixelRatio() ya dirisha, kisha iambiwe hivyo kwa setDevicePixelRatio(). Kusahau hatua ya kwanza huleta ukungu, na kusahau ya pili huleta picha kubwa kupita kiasi iliyokatwa pembeni. Tatu, matokeo yaliyowekwa akiba yatupwe dirisha linapohamishwa kutoka skrini ya kompyuta ya mkononi kwenda skrini ya nje yenye ukuzaji tofauti. Ishara ya screenChanged ya QWindow ndiyo ya kusikilizwa.

Ukuzaji wa nusunusu huleta pia mistari myembamba kati ya vipande vya picha vilivyopangwa bega kwa bega, kama vigae vya ramani. Kigae cha pikseli 50 kwa ukuzaji wa 1.25 hukalia 62.5, na hakuna nusu pikseli kwenye kioo. Pikseli ya mpakani huchanganywa na rangi ya nyuma, na mstari hutokea. Wengi hujaribu kupanua kila kigae kwa pikseli moja, jambo linaloficha mstari na kuharibu vigae vyenye uwazi. Njia sahihi ni kukokotoa kila mpaka kwa pikseli za skrini, kuukadiria hadi namba nzima, na kukianza kigae kinachofuata palepale mpaka huo ulipo.

Kasoro nyingine haihusiani na ukuzaji. Picha inayopunguzwa kwa scaled() bila kutajiwa Qt::SmoothTransformation hutoka na ngazingazi, na QPainter anahitaji kuambiwa SmoothPixmapTransform. Katika QML, picha kubwa inayoonyeshwa ndogo ipewe sourceSize, au mipmap iwashwe.

Kadi ya michoro, nyuzi na akiba

Kadi ya michoro hulaumiwa mapema mno. Programu ya Qt Widgets huchora kwa kichakataji, hivyo mara nyingi kadi haihusiki kabisa. Ni Qt Quick inayoitumia: Direct3D 11 kwenye Windows, Metal kwenye macOS, OpenGL kwenye Linux, hayo yakiwa chaguo la kawaida la Qt 6. QSG_INFO ikiwa 1, Qt hutaja ni ipi imechukuliwa. Hitilafu ikitoweka baada ya kuweka QT_QUICK_BACKEND kuwa software, uchunguzi uelekee kwenye kiendeshi cha kadi au kwenye ukubwa wa picha, kwa kuwa kadi zina kikomo cha upana wa picha moja, kwa mfano pikseli 16,384 kwenye vifaa vya kiwango cha Direct3D 11. QSG_RHI_BACKEND huruhusu kujaribu njia nyingine, mathalani opengl kwenye Windows, bila kubadili msimbo.

Kuhusu nyuzi, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu moja, kanuni ni moja: QPixmap ni ya uzi wa dirisha tu, na QImage ndiyo ya kufanyiwa kazi kwenye nyuzi nyingine. Picha ifumbuliwe nyuma ya pazia kama QImage, ipelekwe kwa ishara, na igeuzwe kuwa QPixmap inapofika.

Picha ya zamani inayokataa kuondoka baada ya faili kubadilishwa ni ya akiba. Image ya QML hukumbuka kwa anwani, si kwa yaliyomo. Kuandika cache: false humaliza tatizo, au anwani ibadilishwe kila faili inapobadilika.

Rangi zinazokolea kupita kiasi kwenye skrini za Mac zenye wigo mpana wa rangi hutokana na wasifu wa rangi uliopuuzwa. QPainter hageuzi rangi kutoka wasifu mmoja kwenda mwingine kwa hiari yake. Tangu Qt 5.14, convertToColorSpace() hufanya hivyo kwa kuombwa.

Kuzuia hitilafu isirudi

Kila hitilafu iliyorekebishwa iachiwe jaribio. Sehemu husika huchorwa ndani ya QImage yenye ukubwa na devicePixelRatio maalumu, kisha pikseli zake hulinganishwa na picha ya mfano iliyohifadhiwa. QT_QPA_PLATFORM ikiwa offscreen, jaribio hukimbia hata kwenye seva isiyo na skrini. Ulinganisho uruhusu tofauti ndogo kwa kila rangi, kwa sababu ulainishaji wa kingo haulingani kikamilifu kati ya mifumo, na maandishi yaepukwe kwenye picha za mfano, kwani fonti ndizo hutofautiana zaidi. Vipimo vya jaribio viwe vile vinavyoumiza: upana wa 501 badala ya 640, ukuzaji wa 1.25 badala ya 2, na pembe moja ya picha iliyo nusu wazi.